Vitabu Vilivyofichwa Uchagani

Zuhura mama,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kusema mimi mzima, wasiwasi ni juu yako. Mimi si mzima. Mdomo umevimba, jino la mbele limekatika, na jicho la kushoto linaona nusu ya karatasi. Wewe na mama yako niliwaambia nimeanguka na baiskeli kwenye mteremko wa Kigurunyembe. Mama yako akanitazama mimi, akaitazama baiskeli, haina hata mchubuko, akaingia jikoni. Mwanamke yule angekuwa hakimu, nusu ya mji huu ingekuwa gerezani na mimi ndiye ningekuwa nyapara wao.

Sikuanguka. Nimepigwa. Nimepigwa huko juu ya Kinole, na mwanamume mwenye mvi nyingi kuliko zangu, na sikurudisha hata kofi moja. Usiwaambie watu wa Mji Mpya. Wao wanajua kwamba baba yako hajawahi kupigwa tangu azaliwe, na wameambiwa hivyo na mtu wa kuaminika, yaani mimi.

Sasa hivi, Ijumaa mchana, mmekwenda Mwembesongo kumuaga shangazi yako kabla ya basi lako la kesho la Dar. Jua bado kali, nyumba kimya, nami nimekaa kwenye meza yako na kalamu yako ya shule ya Kilakala. Mwandiko usiucheke. Niliacha shule darasa la sita, au tuseme darasa la sita lilichoka na mimi. Ya sabuni, ya nauli, ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua, mama yako ameyasema mpaka kuku wameyakariri. Mimi sitayagusa.

Nina jambo moja tu. Watu wa maktaba huko Dar wamekuambia uchague: ukae chumbani usafishe filamu za vitabu, au upande gari la kwenda vijijini kuvipiga picha vitabu vya zamani vilivyo majumbani mwa watu. Jumatatu wanataka jibu. Juzi tukila uliniuliza, "Baba, wewe unasemaje?" Nikakujibu chumbani kuna feni. Mama yako akacheka. Wewe ulicheka kidogo, ukaacha, ukaendelea kula macho yakiwa kwenye sahani. Niliona. Najua unalitaka gari. Na umeshatuambia mwenyewe kwamba gari hilo litaanza na Kinole na vijiji vya juu yake.

Huko ndiko walikomuua Bwana Sefu, nami nilikuwepo. Hilo unalijua, mtaa mzima unalijua, ndiyo maana watoto wakiniona wanaimba "Mumiani! Mumiani!" nami ninawakimbiza kwa kutoa meno. Ila wewe na mtaa mmelijua kwa mdomo wangu, na mdomo wangu una tabia zake. Leo nakuandikia kwa mkono. Mkono ni mvivu, hauna nguvu ya kupamba.

Ulikuwa bado unanyonya. Mimi nilikuwa fundi wa kusafisha picha katika studio moja karibu na soko. Fundi hodari, Zuhura, hilo silipunguzi. Hakuna msichana mzuri wa mji huu ambaye sura yake haikupita mikononi mwangu ikiwa bado majini. Mama yako nilianza kumpenda akiwa ndani ya beseni. Ndipo akaja Bwana Sefu, mtu wa Tanga, mwembamba, mpole wa kuudhi, ametumwa na maktaba azunguke milimani apige picha vitabu kabla havijaliwa. Alitaka mtu wa kumsafishia filamu palepale, ajue kama picha zimetoka kabla ya kuondoka kijijini. Nikamwambia umefika.

Njiani alikuwa anazungumza vitabu tu. "Kijana, mchwa hajui kusoma, lakini anamaliza kitabu upesi kuliko mwanafunzi." Akaniambia filamu moja inameza kasha zima la vitabu na inaweza kukaa muda mrefu kuliko wajukuu zetu. "Ipo siku," akasema, "mtoto wa Ulaya na mtoto wa Kinole watafungua kitabu kimoja saa ile ile, kila mmoja yuko kwao, na kitabu chenyewe hakijatoka kashani."

"Basi nipige picha na mimi, Bwana Sefu," nikamwambia, "niwe Dar na Morogoro saa ile ile, kila upande mke."

"Wewe filamu haikutoshi. Mdomo peke yake unamaliza mkanda."

Nilimpenda yule mtu. Andika hilo kichwani mwako kabla hujasoma yanayofuata.

Tulifikia kwa Mzee Klementi, katekista aliyestaafu. Alikuwa na kasha la vitabu vya tangu zama za Wajerumani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Na alikuwa na kimoja kinene alichokiandika mwenyewe tangu ujana: maneno ya Kiluguru, kila neno na maana yake, na pembeni jina la mtu aliyemwambia. Bibi huyu wa bonde lile, mzee yule wa kilele kile. Nusu ya waliotajwa walikuwa wameshakufa. Bwana Sefu alipokifungua alivua kofia yake, mimi nikadhani anajipepea.

Sasa sikiliza kosa la kwanza, maana hilo ndilo la kazi yako. Bwana Sefu alikuwa na desturi. Akifika kijijini, siku ya kwanza hapigi picha hata moja. Anaweka kamera uwanjani, anaita watu, wazee kwa watoto, kila mtu achungulie kwenye kioo. Anawaonyesha chupa za dawa, anawanusisha. Anamwaga kidogo ardhini waone ni maji tu. Siku nzima inapotea hivyo. Mimi Jumamosi nilikuwa na dansi mjini, suruali mpya nimeshainyoosha. Nikamwambia, "Bwana Sefu, hawa watu wa shamba wataelewa nini? Tupige kazi, tuondoke. Mvua inakuja." Mvua haikuwa inakuja. Akasitasita, akanikubalia. Mtu mpole ana ubaya huo, anakubalia wapumbavu.

Tukajifungia katika ghala la pilipili manga la Mzee Klementi. Madirisha tumeziba kwa mablanketi, ndani taa nyekundu ya betri, sisi tumevaa glavu za mpira na aproni za mpira, chupa za kahawia zimepangwa ukutani, na harufu kama ya siki inatoka chini ya mlango. Watu wanapita njiani wanaona mwanga mwekundu kwenye nyufa. Wewe umesoma, utacheka. Lakini kule watu wamekua wakisikia habari za mumiani, mtu anayeingia kijijini na mpira na chupa, anawanyonya watu damu akaiuze mjini iwe dawa. Bibi yangu mwenyewe alinilaza kwa hadithi hizo. Nilizijua kuliko sala.

Ndiyo maana nilizichezea.

Siku ya pili nilitoka nje kuvuta sigara. Wanawake walikuwa wanaanika pilipili manga mikekani. Mmoja, mke wa mwanakijiji aitwaye Kobelo, alikuwa amembeba mtoto wa kiume mgongoni, mkubwa kidogo kuliko wewe. Akaniuliza, "Mwanangu, mnafanya nini humo ndani mkijifungia mchana kutwa?"

"Tunakamua, mama."

"Mnakamua nini?"

"Damu. Yako hatuitaki, imejaa pilipili." Wenzake wakacheka. Kucheka kwa watu, Zuhura, kwangu ni kama gongo kwa mlevi. Nikaongeza. Nikamminya mtoto shavu, nikasema, "Huyu ndiye mtamu. Huyu tutamrudia."

Mama yule hakucheka. Akamsogeza mtoto kifuani, akaondoka.

Mtoto alikuwa na homa. Mimi sikujua, ingawa shavu lilikuwa la moto vidoleni mwangu na fundi hodari kama mimi angepaswa kujua joto la kitu anachokishika. Kesho yake akafa. Wakamzika adhuhuri. Sisi tulisikia kilio, Mzee Klementi akaenda mazishini, Bwana Sefu akataka kwenda pia, nikamwambia mkanda uko ndani ya dawa, tukiuacha utaharibika.

Waliporudi kutoka makaburini hawakwenda majumbani mwao. Kwanza lilikuja jiwe moja juu ya bati. Halafu mawe yakawa mengi mpaka usingesikia sauti yako mwenyewe. Chupa zikaanza kuanguka. Nje wanapiga mayowe, "Toka! Toka na damu ya mtoto!" Bwana Sefu akaniambia nitulie. Akachukua mkanda ukiwa bado unachuruzika, akafungua mlango, akatoka akiwa ameuinua juu kwa mikono miwili ili wauone. "Ndugu zangu, tazameni, ni maandishi! Ni vitabu vya mzee wenu!" Ametoka chumba chekundu, amevaa glavu nyeusi zinazodondosha maji, ameshika utumbo mweusi mrefu. Hivyo ndivyo walivyomwona. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo kwa mgongo, nikaogopa.

Mimi sikutoka mlangoni. Niling'oa blanketi la dirisha la nyuma, nikaruka. Na kabla ya kuruka, nisikilize vizuri, nilipata nafasi ya kuchukua kitu kimoja. Mikanda iliyokwisha kusafishwa ilikuwa pale ndani ya kopo, kazi yetu yote, kitabu cha maneno karibu chote. Bwana Sefu alikuwa mlangoni, ningeweza kumvuta kwa aproni. Nikachukua kamera. Kwa sababu ilikuwa ghali, na ya serikali, na iling'aa.

Nilijificha nyuma ya migomba, si mbali, mahali ambapo unaona kila kitu. Kobelo, baba wa mtoto, alikuwa mbele. Jembe la kaburi alikuwa amelitupa, ameshika panga. La kwanza lilishuka kwenye mkono uliokuwa umeinua mkanda. Bwana Sefu akautazama mkono wake kama mtu aliyeangusha kikombe. Hakupiga kelele. Akasema, "Ndugu yangu, ngoja." Kobelo hakungoja. La pili liliingia kati ya shingo na bega, na nilisikia sauti yake, na sauti hiyo sitakuandikia. Halafu wote wakaja, kwa michi, kwa mawe, kwa miguu. Mzee Klementi alikuja mbio akajilaza juu yake kama mtu anayemfunika mtoto, wakampiga na yeye, ndugu yao, mzee wao, wakamvunja nyonga. Hakuwahi kutembea tena bila magongo mawili, na hakumaliza mwaka.

Wakatia moto ghala. Moto ukaruka kwenye nyumba. Ndipo Bibi Veronika, mke wa Klementi, akasimama mbele ya wanawake, nywele zimefunuka, akawapigia kelele nisiyoisahau: "Vitabu vimo ndani! Majina ya mama zenu yamo humo! Mtawachoma na wao?" Na wanawake walewale waliokuwa wanatupa mawe wakaingia ndani ya moshi, wakalitoa kasha. Kile kitabu kinene walikigombania, kila mmoja anatafuta ukurasa wa mama yake, kikachanika vipande vipande, kila mtu akakimbia na kipande chake.

Nami nikakimbia na kamera.

Nilifika mjini kesho yake, nimepita porini, nguo zimechanika. Watu wakauliza imekuwaje. Mama yako alikuwa mlangoni na wewe mkononi. Wakati ule, Zuhura, ndipo palikuwa pa kusema "nilikimbia." Neno moja. Badala yake nikasema nilipigana. Siku ya kwanza nilipigana na watu watano. Kufika Ijumaa nilikuwa nimepigana na kijiji kizima, na kamera ya serikali nimeifungia kiunoni. Wakubwa wa serikali wakanishika mkono mbele ya watu, wakanipa saa. Saa ile uliyokuwa unaichezea mpaka ikafa, ndiyo hiyo, na sikukuchapa. Sasa unajua kwa nini.

Halafu wakaniuliza: nani aliyempiga Bwana Sefu? Ndipo nikanaswa. Kumtaja Kobelo kulitaka niseme nimemwonaje, na kusema nimemwonaje kulitaka niseme nilikuwa nyuma ya migomba nimetulia kama jogoo la kuazima. Mtu anayepigana na kijiji kizima hana muda wa kuangalia nani ameshika nini. Nikasema, "Moshi ulikuwa mwingi. Sikumtambua mtu."

Kwa neno hilo mgambo wakapanda mlima. Hawakuwa na jina, basi wakachukua kila kijana waliyemkuta. Waliwapiga kwa mikanda ya kiunoni na kwa vitako vya bunduki mpaka wengine wakakiri mambo ambayo hayakutokea. Mmoja alirudi sikio halisikii mpaka leo. Mama mmoja alipotezea mimba njiani. Hawakumpata aliyeua, wakawaachia. Lakini kabla ya kuondoka mkubwa wao akatangaza uwanjani kwamba atakayekutwa na kitabu cha Klementi, huyo alikuwepo, na huyo ndiye muuaji. Basi vitabu vikapanda uchagani. Unaujua uchaga wa jikoni, juu ya meko, wanapohifadhi mbegu za mahindi moshi uzilinde na wadudu. Huko ndiko viliko. Mchwa havigusi. Mtu pia havigusi. Kila nyumba inapikia chini ya kitabu chake na hakuna anayekitaja, hata mume na mke.

Hayo ya uchagani sikuyajua mpaka mwezi uliopita. Nilikuwa sokoni, mtu akanigusa begani kwa fimbo ya mdalasini. Bibi Veronika, amekuwa mdogo kama ndege.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mumiani, bado unaishi?"

"Naishi, mama. Wazuri tunachelewa kufa."

"Na wabaya pia." Akaniangalia mpaka nikatoa kofia. "Nasikia binti yako ndiye anayekuja kupiga picha vitabu. Mimi ambaye mkono wangu bado unashika mchi nakuambia hivi: watamuua. Si kwa ubaya. Akipanda juu ya uchaga wa mtu akashusha kile kitabu, amemshusha mwenye nyumba gerezani. Wanavyojua wao."

Ndiyo sababu ya utani wa feni.

Sikulala vizuri siku zile, nikamwambia mama yako ni nyanya chungu. Jumanne wiki hii nikapanda Kinole. Nilimkuta Bibi Veronika anatwanga uwanjani. Hatujasalimiana vizuri, Kobelo akafika, maana sasa yeye ndiye balozi wa nyumba kumi na kila mgeni lazima amjue. Amezeeka.

"Umekuja kuchukua nini?"

"Shikamoo, balozi. Sijaja kuchukua. Binti yangu anakuja na kamera."

"Ana taa nyekundu?"

"Hana. Taa yao nyeupe. Dawa zote ziko Dar."

"Na mdomo? Mdomo wako amerithi?"

"Amerithi wa mama yake," nikasema, na huo ulikuwa uongo, umerithi wangu, nilikusikia juzi ukimjibu yule wa duka la ushirika.

Kobelo akasogea karibu. "Sema mbele ya huyu mama. Siku ile uliniona au hukuniona?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha, Zuhura. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza.

"Nilikuona."

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya migomba."

"Ulijua miaka yote hii."

"Nilijua."

Ndipo akanipiga. Ngumi ya kwanza ilichukua jino. Nikaanguka, akanifuata kwa mateke, analia, mate yanamtoka, anasema maneno yaliyoniumiza kuliko miguu yake. "Kwa nini hukusema? Ungesema ningefungwa nikamaliza! Mbwa akibweka nadhani ni wao! Gari likilia huko chini nadhani ni wao! Wamewapiga watoto wa watu kwa ajili yangu nami nikakaa kimya na wewe ukakaa kimya! Mtoto wangu ulimwita mtamu! Mke wangu amekufa analisema neno lako, 'tutamrudia, tutamrudia'!" Nikaacha apige. Mtu asikuambie nilishindwa, niliacha. Haya, na kushindwa pia nilishindwa.

Aliyemsimamisha ni Bibi Veronika. Alimshushia mchi mgongoni, mchi wa kutwangia, mpaka Kobelo akapiga magoti. "Hapa kwangu ulishaua mmoja! Wa pili katafute kwako!" Kisha akatugeukia wote wawili, mmoja yuko chini, mwingine amepiga magoti, pumzi zimemwishia. "Kila nyumba ina kipande. Hakuna atakayetoa mpaka aliyepiga atajwe kwa jina polisi, wengine wapumue. Mnataka mtoto wa kike aje apande juu ya chaga zetu, ninyi wanaume wawili hamjafungua midomo?"

Akarudi kutwanga.

Nilipoweza kusimama nikamwambia Kobelo: Jumamosi asubuhi, kituo cha polisi cha mjini. Nitaanza mimi. Nitasema dansi, nitasema shavu la mtoto, nitasema migomba, nitasema uongo niliowaambia wakubwa, halafu ndipo nitakutaja. Ukija, tuingie pamoja. Usipokuja, nitaingia peke yangu na jina lako. Alitema mate pembeni, akaondoka. Sijui kama atakuja. Labda atakuja na panga. Kumtaja mtu niliyemchokoza mimi, mtu aliyetoka kumzika mwanawe, si jambo linalonipa usingizi, na usidhani nimejisafisha kwa kukuandikia. Lakini Bwana Sefu alikuwa na mama huko Tanga, na mpaka leo anajua tu kwamba mwanawe aliuawa na moshi.

Basi jibu la swali lako ndilo hili. Chagua gari.

Na ukifika kijijini, cha kwanza ni siku ya kupoteza. Iweke kamera uwanjani. Wa kuchungulia kwanza awe mama mwenye nyumba, wewe uwe wa mwisho. Ukimwona mtu ana hofu, hata kama hofu yake ni ya kijinga kiasi gani, usimjibu kwa kichekesho. Ulimi huo unao, ninaujua, niliufurahia ulipokuwa mdogo na nilipaswa kuuogopa. Kitabu ukipige picha palepale nyumbani kwake, kisha ukirudishe mikononi mwake mbele ya macho yake. Usimwulize amekipataje. Hata akianza kukuambia, mwachie aamue mwenyewe mahali pa kukomea. Na wakubwa wako watakuambia kamera ni ghali kuliko mshahara wako wa maisha. Ni kweli. Siku ikiharibika, iache ilipo. Mshike mtu aliye karibu nawe, mvute kwa nguo, kwa nywele, kwa chochote, na kama mkono mwingine uko wazi, chukua kopo la filamu.

Kitabu cha Mzee Klementi hakina nakala nyingine popote duniani. Bibi Veronika ananiambia wanawake waliochukua vipande wanaanza kufa, na wakwe zao wanapofagia jiko hawajui ni karatasi gani. Kipande kimoja kimeshawashiwa moto wa uji. Nimekuandikia hili la mwisho la vitabu ili ujue kwamba sikutumi huko kwa ajili ya aibu yangu. Ungekuwa unapenda feni ningekuacha na feni.

Barua hii nitaitia ndani ya kikapu cha maandazi, nami nitakuapisha stendi usiifungue mpaka mpite Mikese. Kwa hiyo unaposoma hapa, basi limeshakwenda. Mama yako nimemwambia yote palepale stendi, lilipokata kona. Sijui hapo atakuwa amenishika mkono au kola ya shati. Hatukurudi nyumbani. Tumekata kushoto, kituoni. Wanaweza kunikalisha siku chache, wanaweza kunikalisha zaidi, uongo kwa serikali nao una bei yake. Mama yako ana biashara yake ya mbogamboga za Mlali na ana shangazi yako. Hawatalala njaa.

Najua tabia yako. Hivi sasa umeshaifunika barua, umeangalia dirishani, unawaza Chalinze basi litasimama watu wanywe chai, na upande wa pili wa barabara kuna magari ya kurudi Morogoro. Zuhura, usishuke. Ukirudi utanikuta nyuma ya kaunta ya askari na hutakuwa na la kunisaidia, na Jumatatu watampa gari mtu mwingine, mtu ambaye hatajua ni nyumba gani ya kuanzia. Ni ya Bibi Veronika. Nimeshamwambia jina lako.

Kaa kwenye kiti chako. Kula andazi.

Baba yako.